Mgeni Ageukapo Kuwa Mvamizi: Gugu Maji la Kagera na Msizi wa Bukoba

Asimamaye juu ya daraja la Kyaka na kuyatazama maji ya mto Kagera wakati wa masika huyaona yakienda kasi, yakiwa na rangi ya udongo, na juu yake vikielea vichaka vidogo vya kijani kibichi. Kimoja hupita, kikafuatwa na kingine. Vichaka hivyo havikushikwa na ardhi popote. Ni mikusanyiko ya gugu maji, mmea ambao asili yake ni bonde la mto Amazoni huko Amerika ya Kusini, na safari yao huishia katika Ziwa Viktoria.

Kabla ya kuueleza mmea huo yafaa kutenganisha maneno mawili ambayo wanafunzi wengi huyachanganya: mgeni na mvamizi. Kibanja cha Mhaya, katika Bukoba au Muleba, kimejaa wageni. Ndizi asili yake ni Asia ya Kusini Mashariki. Maharage yapandwayo chini ya migomba yalitoka Amerika, pamoja na mahindi na mihogo. Katika mazao makuu ya kibanja, mwenyeji halisi ni mbuni wa aina ya robusta, ambao bado huota wenyewe katika misitu ya sehemu hizi za Afrika, na ambao buni zake zilichemshwa, zikakaushwa na kutafunwa na wageni waheshimiwa muda mrefu kabla ya Mzungu yeyote kufika Buhaya. Hata hivyo hakuna aitaye mgomba mvamizi. Mgomba hauwezi kuvuka kutoka kibanja kwenda katika nyika ya rweya bila kubebwa na mkono wa mtu, na ukiachwa bila samadi na matandazo hudhoofu. Mvamizi ni yule mgeni ajizalishaye mwenyewe, asambaaye mwenyewe, na awaondoaye wenyeji mahali pao. Bakteria wa mnyauko wa migomba, ambao waligunduliwa wilayani Muleba mwaka 2006 baada ya kupitia Ethiopia na Uganda, wanastahili jina hilo. Gugu maji linalistahili zaidi.

UMBO LA GUGU MAJI

Mtu alichukuaye gugu maji mkononi kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi lilivyo jepesi. Vikonyo vya majani yake vimevimba kama vibuyu vidogo. Kikikatwa kimoja kwa wembe, ndani huonekana tishu kama sifongo, yenye vyumba vingi vilivyojaa hewa; hilo ndilo boya la mmea. Chini yake huning'inia mizizi myeusi yenye vinyweleo vingi kama manyoya ya ndege, nayo haitafuti udongo. Hufyonza naitrati na fosfeti moja kwa moja kutoka katika maji. Kwa sababu hiyo ziwa lenye maji maskini haliufai mmea huu, na ziwa lipokealo mboji kutoka mashamba yaliyomomonyoka, pamoja na maji machafu ya miji, huulisha bila kuchoka.

Ua lake ni zuri, la rangi ya zambarau hafifu, na petali yake ya juu ina doa la manjano. Uzuri huo ndio uliolisafirisha. Katika karne ya 19 watu wa bustani walilipeleka Marekani, Asia na Afrika ili lipambe mabwawa yao. Nchini Tanzania lilionekana kwanza katika miaka ya 1950, katika mito ya Sigi na Pangani, mbali kabisa na Kagera.

Ndani ya ua hilo mna jambo la ajabu ambalo mwalimu wa biolojia asingependa lipite bila kutajwa. Gugu maji lina maua ya namna tatu. Katika namna ya kwanza stili ni ndefu, katika ya pili ni ya kadiri, na katika ya tatu ni fupi. Na katika kila ua stameni hukaa katika ngazi mbili ambazo stili haipo. Kwa mpango huo chavua ya ua moja hufaa zaidi stigma ya ua la namna nyingine, na mmea husukumwa kuchanganya uzazi wake. Hayo ni katika nchi yake ya asili. Nje ya Amerika ya Kusini, mimea mingi iliyochunguzwa ni ya namna moja tu, ile yenye stili ya kadiri. Maana yake ni kwamba dunia nzima ilivamiwa na uzao wa mimea michache mno iliyochukuliwa kwa ajili ya bustani, na gugu moja likijikata vipande na kuwa maelfu. Mbegu nazo hazikosekani. Baada ya kuchanua, shina la ua huinama na kuzamisha vitunda vyake majini, na mbegu zikizama katika tope zaweza kubaki hai kwa miaka 15 hata 20.

HESABU YA BWAWA

Uzazi wa gugu maji hutegemea hasa mashina membamba yatambaayo juu ya maji. Mmea mama hutoa shina, ncha ya shina huchipua majani na mizizi, na baada ya siku chache mtoto huyo hutoa shina lake mwenyewe. Panapo joto na chakula cha kutosha idadi huongezeka maradufu katika muda wa wiki moja hadi mbili.

Mwanafunzi achukue mfano wa bwawa la samaki lenye eneo la mita za mraba 100, na ndani yake litupwe gugu moja lifunikalo sehemu ya kumi ya mita moja ya mraba. Tuseme idadi huongezeka maradufu kila siku 10. Siku ya 50 eneo lililofunikwa ni mita za mraba 3.2 tu, na mwenye bwawa huenda anafurahia maua. Siku ya 70 ni mita za mraba 12.8, yaani kama sehemu ya nane ya bwawa. Siku ya 90 ni nusu. Siku ya 100 hakuna maji yaonekanayo. Siku tisini zilitumika kulifunika nusu bwawa, na siku kumi zikatosha kwa nusu iliyobaki. Hii ndiyo sababu vijiji vingi vya mwambao vilihisi kwamba gugu lilitokea ghafla usiku mmoja, ilhali lilikuwapo kwa muda likihesabu kimya kimya.

Hesabu yenyewe ina upande wa pili, ulio mchungu zaidi. Wanakijiji wakiingia siku ile ya 100 kwa reki na mapanga, wakafaulu kung'oa sehemu tisa katika kila kumi, jambo ambalo ni kazi kubwa kweli kweli, hubaki mita za mraba 10. Baada ya siku 10 ni 20, kisha 40, kisha 80. Bwawa hujaa tena siku ya 33 au karibu yake. Tena mzigo wenyewe ni wa maji matupu: takriban sehemu 95 katika 100 za uzito wa gugu bichi ni maji. Hekta moja iliyosongamana yaweza kuwa na uzito wa tani 300. Katika hizo tani 285 ni maji, na watu huyabeba maji ya ziwa kuyatoa ziwani.

MTO ULETAO

Katika Ziwa Viktoria gugu maji liliripotiwa mwaka 1989 kwa upande wa Uganda, na muda mfupi baadaye lilikuwa Tanzania na Kenya. Kilele chake kilikuwa kati ya miaka ya 1995 na 1998. Ghuba zilizokingwa na upepo zilifunikwa. Mitumbwi haikuweza kutoka wala kuingia. Nyavu ziliburutwa na kupotea. Akina mama na watoto waliochota maji walilazimika kuingia ndani zaidi kuyatafuta maji safi. Chini ya zulia la gugu jua halifiki, mimea midogo ya majini hufa na kuoza, na hewa ya oksijeni hupungua hata samaki wengi wakakimbia. Kambare na kamongo hustahimili, kwa kuwa wao huweza kuvuta hewa ya juu ya maji. Konokono wabebao kichocho hushikilia mizizi ya gugu, na mbu hupata maji yaliyotulia.

Mkoa wa Kagera una shida yake ya pekee. Mto Kagera, mkubwa kuliko mito yote iingiayo ziwani, hupata maji yake kutoka Ruvubu ya Burundi na Nyabarongo ya Rwanda, ambayo hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo. Katika mabonde ya Rwanda yamo maziwa madogo na vinamasi vilivyo na gugu maji, na kila mvua kubwa hung'oa sehemu yake na kuitia mtoni. Mto huingia ziwani katika ardhi ya Uganda, kaskazini kidogo ya mpaka, na kutoka hapo upepo ndio uamuao. Kwa hiyo mvuvi wa ghuba ya Rubafu aweza kusafisha mwalo wake Jumatatu na kuukuta umefungwa Alhamisi kwa gugu ambalo hakulipanda yeye, wala jirani yake, wala Mtanzania yeyote. Mafunzo ya kawaida ya usafi wa mazingira hayamsaidii mtu huyo. Tatizo lake liko umbali wa mamia ya kilometa, juu ya mto, nje ya mipaka ya nchi.

FUKUSI WAWILI

Mmea uliotoka Amazoni ulivuka bahari bila adui zake. Wataalamu walikwenda kuwatafuta adui hao huko huko, na katika wadudu waliochunguzwa Argentina tangu miaka ya 1960 walichaguliwa fukusi wawili wenye undugu wa karibu: Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi. Marekani iliwaachilia Florida mwaka 1972 na 1974, Sudan ikafuata mwaka 1978. Uganda iliwaachilia katika Ziwa Kyoga mwaka 1993 na Ziwa Viktoria mwaka 1995. Tanzania na Kenya ziliwatumia katika nusu ya pili ya miaka hiyo ya 1990, na vituo vya kuwazalisha katika matangi vikajengwa kando ya ziwa, wavuvi wenyewe wakifundishwa kuwatunza.

Katika Buhaya neno fukusi haliwezi kutamkwa bila kuzusha hofu. Fukusi wa migomba, Cosmopolites sordidus, ambaye naye ni mgeni kutoka Asia, ametoboa mashina ya migomba ya Kagera kwa vizazi kadhaa na kuiangusha kabla mikungu haijakomaa. Mkulima aulizaye kwa nini serikali ilete fukusi wengine haulizi swali la kijinga. Ni swali lile lile ambalo mtafiti hutakiwa kulijibu kwanza. Jibu limo katika maisha ya mdudu mwenyewe. Jike la Neochetina hutoboa kikonyo cha gugu maji na kutaga ndani yake. Buu huchimba mfereji kushuka hadi kwenye kitovu cha mmea, mahali majani mapya yachipukapo. Akikomaa hutoka, hushuka katika mizizi iningʼiniayo majini, hukata vinyweleo vyake na kujifumia kifuko kilichoshikamana na mzizi hai, na humo hugeuka kuwa pupa. Bila mzizi wa namna hiyo, ulio hai na uliozama majini, kizazi hakikamiliki. Kwenye mgomba wa Kamachumu mdudu huyo hana pa kuzalia, hata akibebwa huko kwa makusudi.

Fukusi mzima ana urefu wa milimeta kama 5. Mchana hujificha katikati ya majani; usiku hula, akiacha juu ya jani makovu madogo ya mstatili. Mzunguko wa maisha yake huchukua takriban miezi mitatu, na hapa mwanafunzi makini atapinga: katika siku 90 gugu limeongezeka maradufu mara tisa, fukusi kizazi kimoja tu, atashindaje? Hashindi kwa mbio. Kila jike hutaga mamia ya mayai, na mmea uliotobolewa kitovu haukui tena kwa kasi ile ya zamani. Makovu hupitisha kuvu na bakteria, vikonyo hujaa maji badala ya hewa, na boya hugeuka kuwa nanga. Lakini kazi hiyo huhitaji miaka kadhaa, na viongozi wengi walikata tamaa mapema kwa kuwa mwaka wa kwanza haukuonyesha chochote.

Mwishoni mwa mwaka 1998 gugu lilianza kupungua kwa kasi katika sehemu kubwa ya ziwa. Ni nani aliyelishinda? Mwaka huo na uliotangulia zilikuwapo mvua za El Niño, zilizopandisha kina cha ziwa na kuleta mawimbi yaliyoyapasua mazulia ya gugu na kuyatupa pwani. Watafiti walibishana katika majarida ya kimataifa mwaka 2005 na 2007, wengine wakisema hali ya hewa na upungufu wa mwanga ndio uliofanya kazi, wengine wakiwatetea fukusi. Hoja ya fukusi inaonekana kuwa na uzito zaidi, kwa sababu gugu lilipungua vile vile katika nchi nyingine walikoachiliwa bila kuwapo El Niño. Lakini si haki kuyanyima mawimbi sehemu yao. Mmea mzima hustahimili dhoruba. Mmea uliotobolewa huvunjika.

Sumu za kuua magugu zilijadiliwa pia wakati ule. Ni vigumu kuona jinsi ambavyo zingeweza kukubaliwa katika ziwa ambalo watu wa visiwa vya Bumbire na Ikuza huchota maji yake na kuyanywa.

Mtoni, hata hivyo, fukusi hana raha. Gugu lielealo katika Kagera hufika ziwani kabla ya buu kukomaa, na mdudu husafirishwa pamoja na mwenyeji wake. Katika maji ya baridi ya nyanda za juu huzaana polepole. Kwa hiyo upungufu wa mwaka 1998 haukuwa kifo cha gugu. Hurudi na kupungua, hurudi tena, na tope la ghuba limehifadhi mbegu. Isitoshe, katika miaka ya karibuni limeonekana ziwani gugu jingine lielealo, salvinia, aina ya kangaga kutoka Brazili lisilotoa mbegu kabisa, ambalo lilipata sifa mbaya katika bwawa la Kariba tangu mwaka 1959.

Kuhusu sangara, ambaye kila mwanafunzi wa Muleba amemla, yatosha kusema kwamba naye hakuwa wa ziwa hili. Alipandikizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na 1960, akatulia kwa miaka karibu ishirini, kisha katika miaka ya 1980 akaongezeka ghafla na kuwala furu, wale samaki wadogo ambao ziwa lilikuwa na zaidi ya aina 500, nyingi zisizopatikana kwingine popote. Aina zipatazo 200 zinahofiwa kuwa zimetoweka. Lakini sangara, tofauti na gugu maji, aliletwa kwa makusudi ili aliwe na auzwe, na minofu na mabondo yake yamejenga nyumba nyingi za mabati katika mwambao huu. Ni mvamizi mwenye mawakili.

MSIZI AENDAPO USAMBARA

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Kagera hupokea wavamizi tu. Mkoa huu umetoa mmoja, na jina lake la kisayansi limebeba historia ya mji wa Bukoba. Msizi, uitwao omuhumula kwa Kihaya, ni Maesopsis eminii; mtaalamu Engler aliupa jina hilo mwaka 1895 kwa heshima ya Emin Pasha, yule daktari wa Kijerumani aliyeanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Katika Buhaya ni mti wa heshima, ukuao upesi, wenye kivuli chepesi kifaacho kahawa, na mbao nyepesi. Huota katika nafasi zilizo wazi msituni, miti mingine huufunika polepole, na mambo huendelea.

Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, mwaka 1902, na msizi ulikuwa miongoni mwa miti mingi iliyojaribiwa huko, mnamo 1913. Baadaye, katika miaka ya 1960 na 1970, ulipandwa kwa wingi mahali palipokatwa miti ya asili. Hapo ndipo ulipobadilika tabia, au tuseme mazingira ndiyo yaliyobadilika na tabia ikabaki ile ile. Msitu wa Amani ulikuwa umejaa nafasi zilizoachwa na matinga na misumeno ya uvunaji wa mbao. Hondohondo, ndege wenye midomo mikubwa, waliyapenda matunda ya msizi na kuzitapika mbegu kilometa nyingi kutoka shambani. Kila nafasi ikaota msizi. Chini ya msizi majani yaangukayo huoza upesi na kuuacha udongo mtupu mbele ya mvua, na viumbe wengi waishio katika takataka za majani hukosa makao. Hao ni viumbe wa msitu ambao ndipo lilipoelezwa lile ua maarufu la Usambara, ambalo leo hupambwa madirishani Ulaya, na mamia ya mimea na wanyama wasiopatikana pengine duniani.

Uvunaji wa mbao kwa mashine ulisimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1997 Amani ikawa hifadhi ya mazingira asilia. Miche ya msizi haivumilii kivuli kizito. Kwa hiyo pale ambapo msitu umeachwa ufunge paa lake, mti huo huzaa kwa shida; pale unapoendelea kukatwa, huendelea kutawala. Mti ni ule ule wa Bukoba, mbegu ni zile zile.

KAZI YA DARASA

Shule zilizo karibu na ziwa zaweza kufanya uchunguzi wenye manufaa kwa kutumia rula na daftari tu. Mwalimu apate kwanza ushauri wa watu wa afya kuhusu kichocho, na wanafunzi wasiingie majini. Magugu yaliyosukumwa na upepo hadi ukingoni yatatosha. Ichukuliwe mimea 20 bila kuichagua. Kwa kila mmea lihesabiwe jani changa la pili lililofunguka: lina makovu mangapi ya mstatili, na kikonyo chake kina tundu la buu? Mimea mitano kati ya hiyo ipimwe uzito ikiwa mbichi, ianikwe juani hadi uzito usibadilike, kisha ipimwe tena, na wanafunzi wakadirie wenyewe kiasi cha maji.

Uchunguzi urudiwe kila mwezi mahali pale pale, na tarehe, mwelekeo wa upepo na hali ya mvua viandikwe. Shule mbili, moja ya Kemondo na nyingine ya upande wa Rubafu, zikibadilishana daftari baada ya mwaka, zitaweza kuona kama makovu ni machache zaidi kwa yule aliye karibu na mdomo wa mto. Mimea iliyokwisha kupimwa imwagwe mahali pakavu mbali na maji, na isipelekwe katika bwawa la samaki la shule hata kwa ajili ya maonyesho ya siku moja.